Dawa Tatu kwa Filamu Moja

Vijana wa studio nilikostaafu juzi wameanza kupiga picha kwa filamu, tena nyeusi na nyeupe, na kila mara mmoja wao hunipigia simu kuuliza dawa gani ya kuoshea ndiyo bora. Siwezi kujibu swali hilo nikiwa nimekaa. Huzunguka nyumba hapa Kangemi simu ikiwa sikioni, nikatoka hadi kwenye kamba ya nguo, nikarudi, na mwisho nikaishia kuwauliza wao: umempiga nani, kwa mwanga gani, na maji yako ni ya wapi? Wanadhani nawazungusha. Basi nimeona niandike, maana nikishika kalamu angalau miguu hutulia kidogo.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nikiosha picha za eksirei katika hospitali moja ndogo, kazi ya kuchovya filamu kubwa kwenye dawa na kutoa mbavu za watu, kutwa nzima. Hospitali iliponunua mashine inayoosha yenyewe, mimi na ndoo zangu tukawa hatuna kazi. Jirani yangu akasikia kwamba studio moja karibu na River Road, juu ya duka la misumari na rangi, ilikuwa inatafuta mtu asiyeogopa giza. Nikapanda ngazi zile kesho yake asubuhi.

Aliyenipokea ni Mzee Kariuki. Alikuwa mtu wa Limuru, mwembamba, mwenye sweta ya kijivu isiyovuliwa hata Januari, na alikuwa amefanya kazi katika chumba kile cha giza tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa rili ya plastiki na filamu iliyoharibika, akaniambia nifumbe macho niiviringishe filamu juu ya rili. Niliikunja kama chapati. Akanitazama, akasema niende nayo nyumbani. Kwa majuma kadhaa watoto wangu walizoea kumwona mama yao amejifunika blanketi mezani, akihangaika na kitu wasichokiona.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza yenye trei, mashine ya kukuzia picha, taa nyekundu, na mitungi ya maji iliyopangwa ukutani kwa sababu mfereji wa jengo lile ulikuwa na siku zake za kazi na siku zake za mapumziko. Maji yakija, yalikuja na rangi ya chai. Tuliyachuja kwa pamba na kuyaacha yatulie. Kipimajoto kilining'inia kwenye msumari, na hakuna kitu nilichokitazama zaidi katika maisha yangu, hata uso wa mume wangu. Dawa ikiwa moto, picha inakimbia. Ikiwa baridi, inalala. Nairobi ya Julai na Nairobi ya Februari ni miji miwili, na ukitumia muda uleule katika yote miwili utajuta.

Dawa ya Mzee Kariuki ilikuwa ya unga. Alikuwa ameitumia tangu zamani na hakuona sababu ya kuizungumzia. Aliikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, polepole, akaijaza kwenye chupa za rangi ya kahawia hadi kwenye mdomo ili hewa isipate nafasi. Mikono yake ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, na alipenda kusema ni mikono ya mkulima. Haikuwa ya mkulima. Katika dawa ile kuna kitu kinachokula ngozi za watu wengine, na yeye alikuwa mmoja wao. Vaeni glavu.

Mimi sikuwa mtu wa dawa moja. Hilo ndilo lililomchosha Mzee Kariuki kunihusu. Kila nilipopata nafasi nilijaribu kitu: nikaongeza maji, nikapunguza, nikalitikisa tangi la kuoshea filamu zaidi, nikalitikisa kidogo. Nilitaka kujua kwa nini filamu moja inatoka laini kama poda na nyingine inatoka na chembe kama ugali ulioungua. Siku moja nikaleta dawa ya eksirei, ambayo niliijua kama ninavyoijua chumvi ya jikoni kwangu na ilipatikana kwa urahisi. Ikatoa picha kali ajabu. Mzee akaishika ile negativu kwenye mwanga, akasema umepata mbavu, sasa tafuta mtu.

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi ya kupima dawa. Msiipime kwa picha ya ukuta au ya ua. Mchukueni mama mweusi aliyevaa kitambaa cheupe cha kanisa, asimame nje saa ya jua kali. Dawa kali itakupa kitambaa kisicho na mikunjo na uso usio na macho. Dawa iliyolegea itakupa vyote viwili vimepauka. Dawa inayofaa itakuonyesha mshono wa kitambaa, na chini yake mama mwenyewe, pamoja na jasho lake juu ya mdomo. Tulikuwa na wateja wa aina hiyo kila Jumatatu, filamu za Jumapili zilipoletwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa inatoroka. Chini yetu barabarani zilifunguliwa mashine za picha za rangi, unaacha filamu na kabla hujamaliza chai picha ziko tayari. Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu kabisa. Duka lililokuwa likituletea unga likaanza kutuambia wiki ijayo, halafu mwezi ujao, halafu muuzaji akawa hainui kichwa tunapoingia. Nilianza kwenda kazini mapema bila sababu, nikihesabu pakiti zilizobaki, nikizipanga upya. Mzee Kariuki aliniambia kuzipanga hakuzifanyi ziongezeke. Nilijua. Niliendelea kuzipanga.

Wakati huo ndipo alipokuja Mama Wambui.

Alikuwa mama wa makamo aliyekaribia uzee, mkaaji wa mtaa wa Satellite, amevaa koti la kwenda mjini na ameubana mkoba kifuani kwa mikono miwili. Ndani ya mkoba kulikuwa na kamera ya zamani. Alitueleza huku amesimama. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na alipokuwa akitoa vitu juu ya kabati aliikuta. Aliijua. Mume wake aliiazima kazini miaka mingi iliyopita, akainunua baadaye, akapiga nayo picha kwa majuma machache tu. Kisha mtoto wao wa kwanza, msichana aitwaye Nyokabi, akaugua surua na kufa, akiwa na umri wa kutosha tu kukimbia na kujibizana na watu. Baba yake akaiweka kamera juu ya kabati na hakuigusa tena. Filamu ilikuwa bado ndani.

Nilimuuliza kama kulikuwa na picha nyingine ya mtoto. Hapakuwa na hata moja. Siku zile picha ilikuwa safari ya studio, alisema, na kila walipopanga kwenda, mvua ilinyesha, au mtoto alikuwa na homa, au kiatu kimoja hakionekani.

Mzee Kariuki aliichukua ile kamera hadi chumba cha giza, akaitoa filamu, akairudisha kwenye kikopo chake. Alipotoka aliniambia pembeni kwamba imekauka hadi inalia kama karatasi. Filamu iliyokaa hivyo huingia ukungu. Hata usipoipiga mwanga, inajichafua yenyewe polepole, na ukiitia kwenye dawa ukungu ule unapanda pamoja na picha, wakati mwingine unaifunika yote. Hapo ndipo uchaguzi wa dawa unapokuwa na maana. Unataka dawa yenye nguvu ya kuivuta picha iliyochoka, lakini isiuamshe ukungu.

Yeye alitaka unga wake. Mimi niliona unga hautakuwa na nguvu, nikataka dawa ya eksirei. Tulibishana mbele ya mwenye filamu, jambo ambalo siwashauri mlifanye. Mama Wambui alitusikiliza, akaomba filamu yake, akairudisha mkobani. Alisema hawezi kuiacha pale, kwa sababu akiwa nyumbani atawaza moto, na wezi, na paa linalovuja. Atarudi nayo tutakapokubaliana.

Nilitembea sana siku zilizofuata. Nilikuwa naosha picha za pasipoti na akili iko Satellite, ndani ya mkoba. Nilimwambia Mzee Kariuki tukate vipande viwili vidogo kutoka mwisho wa filamu, sehemu ambayo huenda haikupigwa picha kwa vile mwenyewe hakuimaliza, tujaribu dawa zote mbili kabla ya kuitia yote. Alikataa siku mbili hivi. Kisha akasema kwamba uamuzi si wake wala wangu. Kidude cha kuhesabu picha kwenye ile kamera kilikuwa kimevunjika. Hakuna aliyejua filamu iliishia wapi.

Mama Wambui aliporudi nikamweleza hivyo hivyo. Tukikata, tunaweza kukata mahali patupu. Tunaweza pia kukata picha. Tusipokata, tunabahatisha kwa filamu nzima.

Aliangalia milango ya duka la ng'ambo.

"Kata," akasema. "Baba yake alishindwa kuifungua, akaishi nayo juu ya kichwa chake mpaka akaenda. Mimi sitaki kuishi hivyo."

Tulikata gizani, Mzee kwa vidole vyake vilivyopasuka, mimi nikishika. Kipande kimoja kikaingia kwenye unga wake, kingine kwenye dawa yangu. Tulipowasha taa, kipande chake kilikuwa karibu kitupu, kivuli tu cha kitu kisichojulikana. Changu kilikuwa kijivu kizito kama uji. Lakini kwenye kona, katikati ya ule uji, kulikuwa na kiatu. Kiatu kidogo cha mkanda, na sehemu ya soksi iliyoshuka. Tulikuwa tumekata picha.

Sikujua nitatokaje na kile kipande. Mzee Kariuki akakichukua mkononi mwangu, akatoka nacho, akamwonyesha Mama Wambui kwenye mwanga wa mlangoni, akamwambia wazi kilichotokea. Yeye hakulaumu. Alikitazama kwa karibu hadi pumzi yake ikatia unyevu kwenye filamu.

"Ni vile vya Krismasi," akasema. "Kwa hivyo yuko."

Basi sasa ilikuwa lazima tuioshe yote, na hakuna dawa kati ya hizo mbili iliyofaa. Nilikuwa nimewahi kusikia wapiga picha wa magazeti wakisifu dawa ya tatu, ya maji mazito kama asali, ambayo inakaa miaka chupani bila kuharibika na haipendi ukungu. Hapa mjini ilikuwa haiuzwi tena. Nilipanda na kushuka ngazi za studio zote nilizozijua kuanzia River Road hadi Moi Avenue. Wengine walikuwa wamegeuza vyumba vyao vya giza kuwa stoo za fremu. Mmoja aliniambia niende nikapumzike, filamu imekufa. Mwishowe nikaambiwa kuhusu mzee mmoja mpiga picha mstaafu, Bwana Otieno, na kumbe alikuwa anaishi Kangemi kwetu, mwendo mfupi kutoka sokoni ninakonunua mboga. Nilikuwa nimempita pengine kila Jumamosi.

Bwana Otieno alikuwa na chupa moja, imefika nusu, rangi yake imekuwa ya kahawa. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya filamu zake mwenyewe alizokuwa akijiambia ataziosha. Nilimweleza habari ya kiatu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na chupa pamoja na pakiti ndogo ya chumvi ya kuzuia ukungu, na akanionya nisitie chumvi ile kwa kijiko bali kwa ncha ya kisu.

Mkipata dawa ya zamani, msiiamini wala msiitupe. Chukueni ncha ya filamu mpya, itieni tone moja mwangani, mtazame. Ikigeuka nyeusi haraka, dawa iko hai. Yetu iligeuka nyeusi nikiwa bado nimeshika chupa. Mzee Kariuki alinusa, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa.

Mama Wambui alikuja asubuhi yenye baridi, na baridi ile tuliitaka, kwa sababu dawa ikiwa baridi ukungu nao unasitasita. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango. Safari hii alinipa kikopo mkononi mwangu, lakini hakukiachilia mara moja. Tulikishika wote wawili kidogo.

Ndani ya chumba cha giza nilikuwa hovyo. Nimeosha filamu nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka, na siku ile nilikuwa kama mgeni. Nilitaka kulitikisa tangi kila wakati. Nilitaka kufungua nichungulie. Mzee Kariuki alinishika kifundo cha mkono.

"Nekesa, weka chini," akasema. "Unaiamsha. Iache ifanye kazi."

Nikaliweka chini, nikabaki nimesimama, mikono ikiwa kwapani, nikimsikia Mama Wambui akikohoa nje. Tulimwaga dawa, tukatia ile ya kukaza picha, tukafungua. Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa ukungu. Picha nyingine zilikuwa na madoa kama ramani. Lakini karibu na pale tulipokata kulikuwa na chache zilizosimama, na katika mojawapo mtoto alikuwa ameikabili kamera, mkono mmoja umenyooshwa mbele, mdomo wazi.

Mzee aliichapa yeye mwenyewe, kwa namna tulivyokuwa tumezoea. Lazima niwaambie mazoea yale: wateja wengi walipenda nyuso zao zitoke nyeupe kidogo, na hakuna studio mjini iliyowanyima. Mkono wa Mzee ulijua hivyo bila kuambiwa. Picha ikatoka safi, mtoto mzuri mwenye uso unaong'aa. Tukampelekea mama yake tukiwa na furaha yetu.

Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha.

"Huyu si yeye. Mmemfanya mweupe. Nyokabi alikuwa mweusi, kama nyanya yake. Watu walimtania."

Mzee Kariuki aliiweka kando ile picha. Alifungua mlango wa chumba cha giza na kumwashiria aingie. Hatukuwa tumewahi kumwingiza mteja. Akasimama katikati yetu kwenye ile taa nyekundu, koti lake la mjini likigusa trei. Tukaongeza mwanga, ambao kwenye karatasi ndio unaotia weusi, tukaitia karatasi kwenye dawa, na uso ukaanza kuja kutoka chini ya maji, kwanza macho, halafu nywele.

"Ongeza," akasema.

Tukachapa nyingine. Akasema tuongeze tena. Mikunjo ya gauni ilianza kuzama na mimi nikaogopa tunaipoteza picha, nikamwambia. Alisema gauni halimhusu. Katika ile iliyofuata mashavu yalikuwa na uzito, na kwenye paji la uso kulikuwa na mng'ao mdogo wa mafuta. Mama Wambui aliinamia trei hadi nikadhani ataingiza mkono.

"Hapo," akasema. "Hapo, wachana naye."

Tukaikaza, tukaiosha. Alipoiona kwenye mwanga alicheka kidogo, kicheko cha puani. Alisema sasa anakumbuka. Mtoto alikuwa anadai kamera. Alikuwa anamwambia baba yake alete, alete naye ashike.

Picha ilikuwa bado mbichi na alikuwa hataki kungoja. Hakutaka bahasha pia. Nikamwomba Mzee ruhusa nimsindikize hadi stendi, na Mzee akasema niende, maana pale ndani nilikuwa sina faida. Tukashuka ngazi, tukatokea River Road ikiwa imefurika, wenye mikokoteni, wenye mabati kichwani, watu wasiompisha mtu. Mama Wambui aliinua ile picha juu ya kichwa chake kwa mikono miwili kuifungulia njia, na mimi nikatembea mbele nikisukuma mabega na kuomba radhi.

Stendi tulisimama juani, kila mmoja ameshika kona mbili, tukiitikisa taratibu ili ikauke. Manamba mmoja aliyekuwa akiita abiria wa Satellite aliacha kuita, akaja kuchungulia. Aliuliza huyu mrembo ni nani.

"Ni msichana wangu wa kwanza," Mama Wambui akamwambia. "Anaitwa Nyokabi."

Yule manamba akainama, akaitazama vizuri, akasema kweli, mmefanana.